Kamere na Maseremala Wake

Mtu atokaye mji wa Naivasha akaishika barabara ya kusini ya Ziwa, ile iitwayo Moi South Lake Road, huwa na maji upande wake wa kulia karibu safari nzima, lakini mara nyingi hayaoni. Kwanza macho yake huzuiwa na migunga mirefu yenye gome la manjano, ambayo Wamaasai huiita olerai. Kisha huzuiwa na nyumba za plastiki za kukuzia maua, ambazo zimepangwa safu kwa safu hata mtu akachoka kuzihesabu. Upande wa kushoto kuna milima mikavu ya Hell's Gate na moshi mweupe wa mvuke wa Olkaria, ambako umeme wa nguvu za ardhini ulianza kutolewa mwaka 1981. Msafiri hupita Karagita penye watu wengi na kelele nyingi, na baada ya kilomita 20 hivi kutoka mjini hufika Kamere.

Kamere si mji wa kale. Hapana boma wala magofu, na mtu atafutaye mambo ya ajabu ataona afadhali aende Elsamere, ambayo haiko mbali, akaitazame nyumba alimoishi Joy Adamson. Kamere ni mahali pa kazi. Watu wake wametoka pande zote za nchi, Waluhya na Waluo, Wakikuyu na Wakisii, Wakamba na Waturkana. Wengi ni wafanyakazi wa mashamba ya maua, na wengine ni wavuvi washushao samaki ufuoni, au wachuuzi wa mboga na nguo. Aghalabu mtu huja peke yake, mkononi ana begi moja, akapanga chumba kimoja. Usiku wa kwanza hulala chini juu ya katoni zilizokunjuliwa. Akipokea mshahara wa kwanza hununua jiko na sufuria. Akipokea wa pili au wa tatu huanza kuulizia kitanda.

Kwa sababu hiyo Kamere hapakosi maseremala. Vibanda vyao vimekaa kando ya njia, paa la mabati, mbele wazi, na ndani maranda yamejaa hata kwenye kifundo cha mguu. Vifaa ni vile vya siku zote: msumeno, randa, patasi, keekee, guni na nyundo, na penye umeme huwapo mashine ndogo ya kuchania. Nje husimama vitanda vipya vilivyopakwa vanishi, ving'aavyo kama viatu vya askari siku ya gwaride. Mpita njia akivitazama ataviona vyote vizuri, wala hawezi kutambua kipi kitadumu miaka ishirini na kipi kitalia kwinyi-kwinyi kabla ya mwaka mpya. Tofauti hiyo haimo katika vanishi wala katika ustadi wa patasi peke yake.

Mbao nyingi za Kamere ni za saiprasi, mti ulioletwa Kenya kutoka Meksiko na nchi jirani zake, ukapandwa na Serikali katika milima yetu. Huja kwa malori kutoka pande za Molo na Elburgon, miji iliyokua kwa biashara ya mbao. Mwezi Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mbao zikaadimika, na mafundi wengi wakageukia miti ya mashambani kwa wakulima, yaani grevilea na mikaratusi. Julai 2023 Rais alitangaza, akiwa Molo, kwamba zuio hilo limeondolewa, na shauri likafikishwa mahakamani. Siasa ya misitu ina wenyewe wa kuieleza. Kwa seremala mdogo jambo lililo kubwa ni kwamba mbao zikiwa adimu, mti hukatwa leo, hupasuliwa kesho, na kesho kutwa uko kibandani ukigeuzwa kitanda.

Kisa kimoja kilichotokea Kamere chaonyesha matokeo ya jambo hilo. Kijana mmoja, mfanyakazi wa shamba la maua na mwenyeji wa upande wa Kakamega, aliagiza kitanda cha futi nne kwa sita mwishoni mwa Novemba, mvua za vuli zikinyesha. Mkewe na mtoto wao walikuwa wanakuja kabla ya Krismasi, na kijana alikuwa ameweka akiba miezi mitano. Seremala, naye kijana, alinunua saiprasi iliyoshushwa kwenye lori asubuhi ileile. Mbao zilikuwa nzito, na randa ikipita ilitoa maranda laini, marefu, yenye unyevu. Kazi ilikwenda upesi, maana ubao mbichi ni mwepesi kukata. Siku ya tatu kitanda kilikuwa tayari, na mwenyewe alikipenda sana.

Januari jua lilianza kuwaka, na upepo wa alasiri, ambao wakaaji wa Ziwa wanaujua, ukawa unapita kila siku. Kitanda kikaanza kulia. Mwenyewe akapigilia misumari. Usiku mmoja wa Februari mfumbati mmoja, yaani ule mti wa ubavuni, ulichomoka katika tendegu, chaga zikaanguka, na mtoto akaanguka pamoja nazo. Hakuumia ila uvimbe katika paji la uso, lakini mama yake alilia kuliko yeye. Asubuhi kitanda kilirudishwa kwa fundi juu ya mkokoteni, vipande vipande, na maneno yaliyosemwa hapo kibandani hayafai kuandikwa gazetini. Mwenye kitanda alitaka fedha zake. Fundi hakuwa nazo. Alikuwa amelipa kodi ya kibanda na karo ya ndugu yake.

Jirani ya hapo yupo seremala mzee, aliyejifunza kazi zamani penye kiwanda cha mbao huko Elburgon. Aliitwa aje kuamua. Hakusema neno mpaka alipoutia ulimi wa mfumbati katika tundu lake, akautikisa kwa kidole kimoja. Ulicheza. Nafasi iliyobaki ingeweza kumeza sarafu ya shilingi kumi.

"Mzee," akasema fundi, "vipimo vilikuwa sawasawa. Ulimi huu niliuingiza kwa nyundo, tena kwa shida."

"Najua, mwanangu," akajibu mzee. "Siku ile vilikuwa sawasawa. Wewe ulimaliza kazi, lakini ubao ulikuwa haujamaliza safari yake."

Maneno hayo yataka maelezo kidogo, maana mafundi wengi, na wanunuzi karibu wote, hudhani kwamba ubao ukikauka kwa kuugusa umekauka kweli. Ndani ya mti mbichi kuna maji ya namna mbili. Ya kwanza yamekaa katika mishipa na vyumba vidogo vya mti, kama maji katika chupa. Hayo ndiyo yatokayo kwanza, na yakitoka ubao huwa mwepesi lakini hausinyai. Maji ya pili yamo katika kuta zenyewe za vyumba hivyo, kama maji yaliyonywewa na kitambaa. Ubao huanza kusinyaa hayo ya pili yanapotoka, yaani unyevu ushukapo chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu. Basi fundi aliyengoja majuma mawili huenda akawa ametoa maji yale yasiyo na madhara, akaunga kitanda chake siku ileile ambayo ubao unaanza kupungua.

Tena ubao haupungui sawa pande zote. Kwa urefu, ukifuata nyuzi zake, haupungui kiasi cha kuonekana. Hupungua kwa upana na unene. Ubao mbichi wa saiprasi wenye upana wa inchi kumi huweza kupoteza robo inchi au zaidi ukikauka kwa hewa ya Naivasha. Ndiyo sababu ulimi hulegea katika tundu, na uso wa meza uliopigiliwa misumari pembe zote hupasuka katikati kwa mlio kama wa bunduki. Meza nzuri haipigiliwi hivyo. Uso wake hushikwa kwa vibao vidogo vinavyoingia katika mfuo uliochimbwa ndani ya fremu, upate kutanuka na kusinyaa bila kuzuiwa. Kadhalika kibao cha mlango wa kabati hakitiwi gundi. Huachwa kikae katika mfuo wake, kikiwa na nafasi ndogo kila upande.

Na hewa ya mahali ina neno. Naivasha iko juu, mita 1,890 hivi kutoka usawa wa bahari, nayo imekingwa na milima ya Nyandarua isipate mvua nyingi. Kwa mwaka hupata kiasi cha milimita 650 tu. Ubao uliotulia katika hewa hiyo hubaki na unyevu wa asilimia 12 au chini yake, na pwani hubaki na zaidi. Watu walionunua kiti kizuri Lamu wakakileta nyanda za juu wamepata kuona viungo vikilegea katika mwaka wa kwanza, wakamlaumu fundi wa Lamu bure. Yeye alifanya kiti kwa hewa yake.

Mzee wa Kamere hakauki maneno akianza habari ya kukausha mbao, naye huionyesha kwa vitendo. Nyuma ya kibanda chake mbao zimepangwa juu ya mawe, futi moja na nusu kutoka ardhini, ili mchwa na unyevu wa udongo visizifikie. Kati ya ubao na ubao kuna vijiti vikavu vya inchi moja, vyote vya unene mmoja, na kati ya kijiti na kijiti ni futi mbili. Vijiti vya tabaka ya juu viko sawasawa juu ya vile vya chini. Vikienda upogo, ubao nao utakwenda upogo. Juu kabisa ameweka mawe mazito, na juu ya mawe mabati ya kuzuia jua na mvua, lakini ubavuni pako wazi upepo upite. Ncha za kila ubao amezipaka rangi iliyobaki katika makopo, maana maji hutoka upesi mno kwenye ncha, na ncha ikikauka kabla ya kati hupasuka.

Muda wa kungoja hautoki katika kalenda. Mzee hukata kipande kutoka katikati ya ubao, si kwenye ncha, akakipeleka dukani kwenye mizani ya sukari. Huandika uzito wake juu yake kwa penseli, akakirudisha kati ya mbao. Kila juma hukipima tena. Maadamu uzito unashuka, safari bado. Uzito ukikaa palepale majuma matatu, ubao umekwisha kupatana na hewa. Mwenye kutaka kujua hesabu kamili hukausha kipande katika joko la joto la nyuzi 103 za Selsiasi mpaka kisipungue tena. Kilichokuwa gramu 650 kikifika gramu 500, kilikuwa na gramu 150 za maji, nazo ni asilimia 30 ya uzito mkavu. Saiprasi ya inchi moja hutaka miezi michache katika upepo wa Ziwa, na mbao nene za matendegu hutaka zaidi.

Fundi mdogo atasema: Nani ataniwekea chakula miezi hiyo yote? Swali hili ni la haki. Wapo wenye kupenda kusema kwamba mafundi wa mitaani hawana subira. Husahau kwamba subira nayo hununuliwa kwa fedha. Mteja hutoa malipo ya kwanza leo, na hutaka kitanda Jumamosi. Mzee hakuanza na ghala. Anasema kwamba kila aliponunua mbao kumi za kazi alijikaza akaongeza mbili za kuweka, akaandika mwezi kwenye ncha kwa chaki. Kwa mwaka mmoja alikuwa na mbao kavu za kutosha matendegu na mifumbati, yaani sehemu zenye viungo. Chaga akaendelea kuzifanya kwa mbao za kawaida, kwa kuwa chaga ikisinyaa haimwangushi mtu. Na mteja mwenye akili humwambia ukweli: kitanda cha Jumamosi hiki hapa, na kitanda cha miezi mitatu kile kule, chagua.

Wengine hutafuta njia ya mkato kwa mbao za paleti, zile zinazowekwa chini ya mizigo. Kwa kweli mbao za paleti kuukuu mara nyingi ni kavu, na huweza kufaa kwa rafu na viti vidogo. Lakini yafaa kusoma muhuri wake kwanza. Kwa kanuni ya kimataifa ya mwaka 2002, mbao za kubebea mizigo kati ya nchi na nchi hupigwa muhuri wenye alama ya suke la ngano. Penye herufi HT, mbao zilichomwa moto wa nyuzi 56 mpaka kwenye kiini kwa dakika 30, hazina neno. Penye herufi MB zilifukizwa gesi ya methili bromidi, ambayo ni sumu; hizo zisiingie chumba cha kulala, wala masalio yake yasitiwe jikoni. Na paleti yenye madoa au harufu ya dawa iachwe kabisa, hata ikiwa na muhuri mzuri, kwa maana mtu hawezi kujua kitu gani kilimwagika juu yake, na nchi ya maua ina madawa mengi.

Juu ya miti mingine maneno ni machache. Grevilea hutoa mbao za kupendeza, zenye madoadoa kama hariri, ila vumbi lake huwasha ngozi ya watu wengine. Mkaratusi hujipinda na kupasuka vibaya ukikaushwa kwa haraka. Wafaa nguzo kuliko kabati. Mtarakwa hauliwi na mchwa, lakini si wa kupatikana kila siku. Ama migunga ya ufuoni, ubao wake ni mgumu na mzito, tena mzuri, ila hupasuka usipokaushwa vema, na wadudu huupenda. Inafaa zaidi iachwe isimame palepale ilipo, ikiushika ukingo wa Ziwa.

Ziwa lenyewe liliwapa watu mtihani mwaka 2020, lilipopanda likaingia katika makao ya watu, hasa Kihoto karibu na mji. Samani za mbao zilizoungwa vema ziliweza kuanikwa kivulini zikatumika tena. Zile za mbao za unga wa kushindiliwa, ambazo huuzwa madukani kwa sura nzuri, huvimba kwa maji kama mkate katika chai, nazo hazina dawa.

Basi turudi kwenye kitanda. Mzee hakutaka kitupwe. Alisema kwamba mbao zilezile sasa zimekauka, zimefanya ndani ya chumba cha mteja kazi ambayo zilipaswa kuifanya kibandani, na kwa hiyo zimekuwa nzuri kuliko siku zilipouzwa. Misumari iling'olewa. Kila ulimi uliolegea ulibandikwa vipande vyembamba vya ubao mkavu pande zote mbili kwa gundi, ukafungwa kwa jiriwa usiku kucha, kisha ukarandwa kidogo kidogo mpaka ukaingia tunduni kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo. Mfumbati mmoja ulikuwa umepasuliwa ncha na misumari. Huo mzee aliutoa katika mbao zake mwenyewe, wenye chaki ya Agosti, kwa ahadi kwamba fundi atamrudishia ubao mpya wa kukausha. Fundi alifanya kazi siku nne bila ujira. Mwenye kitanda, akiwa amekwisha kupoa, alisema ya kwamba fedha hataki tena, ila anataka kuona kila kiungo kabla ya vanishi kupakwa. Akaonyeshwa kimoja kimoja. Alivitikisa vyote kwa mikono miwili, na mkewe akavitikisa tena baada yake, kwa nguvu zaidi.

Kitanda kiliondoka Jumapili alasiri juu ya mkokoteni uleule. Lori la mbao lilipokuja juma lililofuata, fundi kijana alinunua mbao za kazi aliyokuwa nayo, kisha akasimama kitambo akihesabu noti zilizobaki. Akaongeza mbao tatu. Mbili alizipeleka nyuma ya kibanda chake, akazilaza juu ya mawe na vijiti katikati, na ya tatu akamchukulia mzee. Zote tatu aliziandika ncha kwa chaki: Machi.